Nipe Mji

Usingizi unamkuta Namkunda mchana, baada ya chakula, akiwa amekaa barazani na brashi mkononi. Hakuutafuta. Alikuwa amelowesha karatasi, amepitisha bluu nyepesi pale juu ambapo mlima hukutana na mbingu, sasa anangoja ikauke kidogo ndipo aweke kijani cha migomba, na yeyote aliyezoea rangi za maji anajua kwamba nusu ya kazi ni hiyo ya kungoja. Joto la Same limelala juu ya mabati kama mtu asiye na haraka ya kuamka. Ndani, binti yake Eliwaza anaosha vyombo, sahani zinagongana, maji yanamwagika, kisha sauti hizo zinaanza kusogea mbali, zinasogea, mpaka zinakuwa kama sauti za jikoni la jirani.

Tangu mwezi wa nne Namkunda anachora kitu kimoja tu. Zamani alichora vijiji vingi vya milimani, vile vilivyokuwa vikibaki bila watu, nyumba moja leo, nyumba nyingine mwakani, na watu wa mjini wakapenda kutundika ukutani mashamba ambayo hawangekubali kuyalima. Sasa anachora Vungaro peke yake, kijiji alikozaliwa, kila siku Vungaro, kwa sababu Senzota amefia huko. Senzota ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea mgongoni, na chemchemi zilipopungua na watu wakashuka bondeni kufuata barabara na shule, yeye alikataa kushuka. Nani ataangalia ndiva? alikuwa akisema. Ndiva ni lile bwawa la udongo walilolijenga mababu, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani, na bwawa la udongo halilindwi na kufuli, linalindwa na mtu. Masika yalimkuta mgonjwa wa kifua, yakamchukua. Siku hizo Namkunda alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefungwa, na daktari amekataza mambo matatu: asiiname, asibebe kitu kizito, asilie. Ndugu wakakaa wakashauriana, wakamficha. Bandeji zilipotoka, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kuota majani. Mlinifichaje? alimuuliza Eliwaza. Mama, ulikatazwa kulia. Na sasa je, naruhusiwa? Sasa unaruhusiwa, mama. Lakini machozi yalipopewa ruhusa hayakuja. Yalikaa huko yaliko kama wageni waliokasirika kwa kucheleweshewa mlango.

Brashi inamponyoka. Anainama kuiokota, anashangaa kwamba anainama bila kuogopa, na sakafu ya baraza inakuwa na unyevu chini ya nyayo zake, baridi, laini, na ile bluu aliyoipaka juu ya karatasi inateremka, inavuka ukingo wa ubao, inaingia sakafuni, inatandazika mbele yake kuwa njia. Anakanyaga. Njia inambeba. Haijui kunyooka, inapinda na kujirudia, kila akigeuka nyuma anakuta imeshabadili rangi, mara ya majivu, mara ya kahawa iliyomwagika, na pembeni mwake vilima vinavimba na kunywea kama vile mtu fulani mahali fulani bado hajaamua aviweke wapi. Namkunda haogopi. Anachowaza ni kwamba njia hii inapanda, na kama inapanda, basi inakwenda kwao.

Kwenye njia panda amesimama mtu aliyevaa koti la mvua, kofia imefunika kichwa, na pale penye uso pana weupe mtupu, weupe wa karatasi isiyoguswa. Sauti yake si ya mwanamume wala ya mwanamke. Namkunda anamsalimu, Hujambo, na mtu yule hajibu salamu, anasema, Kitendawili. Na kwa kuwa Namkunda alikulia kwenye nyumba ambayo neno hilo halikuachwa kamwe likaanguka chini, mdomo wake unajibu wenyewe, Tega. Shuka la bibi hufunika mlima mzima, anasema yule mtu, jua likiamka bibi halioni shuka. Ukungu, anajibu Namkunda, na anacheka, maana huo ameuchora maisha yake yote. Umepata, anasema asiye na uso, pita. Unanipeleka wapi? anauliza Namkunda. Unakokwenda. Wewe unajua ninakokwenda? Anayeuliza njia huku anatembea, anasema yule mtu, anataka mwenzi, hataki njia. Anatangulia, koti lake linachuruzika maji ingawa mvua hainyeshi, na Namkunda anamfuata.

Wanafika Mlalonge. Namkunda anaitambua kabla hajaiona sawasawa, kwa sababu aliichora baada ya mvua, na hivyo ndivyo ilivyobaki: kila nyumba imesimama juu ya nyumba nyingine iliyopinduka ndani ya dimbwi, kila mgomba una mgomba wa chini, na ukitembea katikati ya kijiji hujui unatembea katika kipi kati ya vijiji viwili. Kwenye kizingiti ameketi bibi mmoja anapepeta mahindi, na ndani ya dimbwi bibi mwingine anapepeta, makapi ya huyu yanapaa na ya yule yanazama. Karibu mwanangu, anasema bibi, umekuja kututazama tena? Shikamoo bibi, anasema Namkunda, napita tu, namfuata mdogo wangu. Marahaba. Pita, njia ya kwenu ni hii hii. Lakini asiye na uso amesimama katikati ya njia. Kitendawili. Tega, anasema Namkunda. Alipokuwepo alikuwa mahali pamoja, alipoondoka yuko kila mahali.

Namkunda anafungua mdomo. Jibu liko pale, analihisi likimgusa nyuma ya meno, ni neno ambalo tangu mwezi wa nne watu wote wamelitanguliza mbele ya jina la Senzota, padri, majirani, hata Eliwaza: marehemu. Yeye hajawahi. Kila mara amesema mdogo wangu, amesema Senzota, amesema yule wa Vungaro. Sasa anasimama na neno mdomoni kama mtu aliyeshika kaa la moto, na hawezi kulitema wala kulimeza. Umeshindwa? anauliza yule mtu. Nimeshindwa. Basi nipe mji. Ndivyo mchezo ulivyo, tangu utotoni ndivyo ulivyo, ukishindwa unatoa mji, na utotoni walitoa Tanga na Mombasa na Ulaya bila kujali, mtoto hana mji anaouonea uchungu. Namkunda anaangalia kulia na kushoto, na kuna mji mmoja tu chini ya miguu yake. Chukua Mlalonge, anasema. Ungo wa bibi unasimama. Unatutoa sisi, mwanangu? anauliza, na sauti yake haina hasira, ina mshangao tu, kama mtu aliyeletewa habari akiwa bado na unga mikononi. Nisamehe bibi, nataka kumwona ndugu yangu. Eeh, anasema bibi, na mimi nilikuwa na ndugu. Anainamisha uso kwenye ungo wake, na maji ya dimbwi yanapanda taratibu, yanachukua kizingiti, yanachukua migomba ya juu na ya chini, na nyuma yao panabaki weupe. Yule wa koti anatembea huku akisema kwa sauti ya kuimba, kama desturi inavyotaka, Nimekwenda Mlalonge, nimepewa kigoda, wananiuliza yuko wapi mwenye mji, nimewaambia yuko njiani anamtafuta mtu.

Njia inapanda, inazunguka mlima uleule mara nyingi, au milima ni mingi na imefanana. Mikono ya Namkunda inanuka udongo mbichi. Wanaingia Heboma, kijiji alichokichora alfajiri, kwa rangi chache mno, ndiyo maana watu wake ni vivuli tu kwenye kijivu, na kinachosikika ni mchi unaotwanga kwenye kinu, du, du, du, uani kwa mtu asiyeonekana. Na hapo, mbali, juu, nyuma ya bega la mlima, anasikia mluzi. Ni mluzi wa Senzota. Hakuna mwingine apigaye hivyo, sauti mbili za chini na moja inayopanda mwishoni kama swali, aliutumia kumwita ng'ombe na kumwita dada yake, na dada alikuwa akimgombeza, mimi ni ng'ombe wako? Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega upesi! Nimemwita ameitika, nimemfuata hayupo. Angetulia kidogo angejua, mtoto yeyote wa milimani anajua mwangwi. Hatulii. Sijui, anasema, sijui, nimeshindwa, chukua Heboma, na anaondoka hajaangalia uso wa mtu hata mmoja. Nyuma yake mchi unapanda na haushuki. Anaungoja ushuke, anatembea akiungoja, mwili mzima unaungoja, na ukimya unaokuja badala yake unamfuata njia nzima kama mtu mwenye dai. Amewatoa watu bila hata kujaribu. Analijua hilo. Anaendelea kupanda.

Halafu njia inaacha kupinda, na Vungaro iko mbele yake. Iko yote. Kanisa dogo la bati, na kengele yake, ambayo waumini walishaihamishia bondeni, imening'inia mahali pake pa zamani. Migomba, kahawa chini ya vivuli vya miti ya migrevilea, mifereji inang'aa ikishuka kutoka shamba hadi shamba, nyumba ya majirani, kina Mbonea, nyumba ya baba yake na mlango wake wa mbao ulioliwa na mchwa upande wa chini. Hakuna mtu mlangoni, hakuna moshi. Kijiji kizima kimechorwa vizuri na hakuna anayeishi ndani yake. Anapita katikati akigusa kuta, na kidole kinatoka na rangi. Kule juu, ndani ya ndiva, mwanamume amesimama matopeni mpaka magotini, amekunja suruali, anachota udongo kwa mikono miwili na kuusindilia ukutani pamoja na majani ya migomba, mahali maji yanapovuja. Anapiga mluzi.

Senzota, anaita Namkunda.

Anageuka. Ana uso. Baada ya njia nzima ya weupe, mdogo wake ana uso wake wote, na kovu lake juu ya jicho, pale alipoangukia jiwe siku dada mtu alipojikwaa naye mgongoni. Dada, anasema, umenenepa. Na wewe umekonda, anasema Namkunda, unakula nini huku? Senzota anacheka, anajifuta mikono kwenye mapaja, Umeniletea nini? Namkunda anaangalia mikono yake mitupu, na aibu inamshika, aibu ya mgeni aliyepanda mlima mzima bila hata kilo ya sukari. Sikujua kama nitakukuta, anasema. Si neno, anasema Senzota, macho vipi, yanaona? Yanaona mpaka yanakera, vumbi lote la nyumbani sasa naliona. Wanacheka wote wawili, kisha kicheko kinaisha. Namkunda anakaa juu ya ukuta wa ndiva. Walinificha, anasema, sikujua, Senzota, nilikuwa nimelala mjini na vitambaa machoni, nikila uji, na wewe unazikwa. Najua, anasema Senzota. Nilikuwa nauliza kila siku, Senzota hajambo? wananiambia hajambo, anakusalimu. Basi hawakukosea sana, anasema Senzota, nilikuwa nakusalimu. Uliumia? Senzota anajishika kifuani. Kifua kilikuwa kizito, kama mtu amenikalia, halafu akainuka. Mama Mbonea alipanda kutoka bondeni akanikoroga uji, hakuniacha peke yangu. Usiwaze hilo.

Anarudi kwenye ukuta, anachota udongo, anasindilia. Maji yanatokea upande mwingine. Anahamia huko. Namkunda anamtazama, na taratibu anaona kwamba mgongo wa mdogo wake unatetemeka, na kwamba hajakaa chini tangu yeye afike. Pumzika basi, anasema, kaa hapa kidogo. Siwezi. Kwa nini huwezi? Mashamba hayana mtu, maji haya yanamnywesha nani? Senzota anasimama, udongo unamchuruzika kwenye viwiko. Dada, anasema, nikuambie na usinikasirikie. Sisi kwetu ndiva ikikauka, mlinzi anakwenda kulala. Hii ilikauka. Nilikuwa nimeshaweka jembe chini. Kisha nikaona maji yanaingia tena, na migomba imesimama, na kengele imerudi, nikajua dada ameshika brashi. Kila siku unaijaza. Unaijaza vizuri mno, hakuna ndiva iliyowahi kujaa hivi hata enzi za babu, na ikijaa lazima mtu aiangalie, na mtu nimebaki mimi. Hasemi kwa lawama. Anasema kama mtu anayeeleza hali ya shamba. Nimechoka, dada.

Namkunda anaangalia vidole vyake vyenye rangi. Alidhani anamwekea nyumba. Miezi yote hii alidhani, mradi Vungaro iko kwenye karatasi, Senzota ana mahali. Nisipoichora utakuwa wapi? anauliza. Sijui, anasema Senzota, lakini nitakuwa nimekaa.

Yule wa koti la mvua amefika, amesimama kwenye njia ya maji. Kitendawili, anasema. Namkunda anamgeukia mdogo wake. Senzota anageuza uso pembeni, anajifanya anaangalia ufa. Ukishinda, anasema asiye na uso, mji ni wako, ushuke nao, hakuna atakayekunyang'anya tena. Ukishindwa unajua. Na yeye? anauliza Namkunda. Mji ukiondoka, mlinzi wake anafanya nini? anauliza yule mtu, na Namkunda hajui kama hilo nalo ni kitendawili au ni swali tu. Kitendawili. Tega, anasema Namkunda. Ukikigusagusa kinaharibika, ukikiacha kinakuwa.

Analijua. Si kwamba anakisia, analijua kuliko jina lake. Ni rangi mbichi juu ya karatasi, amewafundisha watoto wa watu miaka mingi, amewapiga vidole kwa upande wa brashi, acha, ondoa mkono, iache ikauke yenyewe. Jibu limejaa mdomoni, na Vungaro imesimama mbele yake yote, mlango ulioliwa na mchwa, makaburi ya baba na mama chini ya majani ya masale, mwamba walikoanikia nguo, kichochoro alikofundishwa kutembea na alikomfundisha mwingine. Neno moja tu na vyote ni vyake. Anamtazama Senzota. Mdogo wake hamtazami, hamsihi, ameinama anachota udongo tena.

Nimeshindwa, anasema Namkunda.

Umeshindwa? anauliza asiye na uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ina kitu kama huruma. Nimeshindwa, sijui. Basi nipe mji. Hapo ndipo machozi yanakuja. Hayaji kidogo kidogo, yanakuja kama lango la ndiva lililofunguliwa asubuhi, na katikati ya machozi anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, Chukua Vungaro. Nimekupa Vungaro. Mji unaanza kuondoka kutoka juu, mlima kwanza, halafu kanisa na kengele yake, halafu migrevilea mmoja mmoja, nyumba ya kina Mbonea, nyumba ya baba, masale, na maji yanatoka ndani ya ndiva bila kelele mpaka unabaki udongo mkavu. Senzota ananyoosha mgongo. Anapanda ukutani, anakaa karibu na dada yake, ananyoosha miguu mbele, miguu miwili yenye matope, na kupumua kwa nguvu kama mtu aliyerudi shamba. Aaah, anasema. Namkunda anamshika mkono. Weupe unafika magotini kwao, na yeye anamtazama usoni tu, usoni, hafumbi jicho.

Anafumbua macho barazani. Jua limehamia upande wa pili wa nguzo, shingo inamuuma, mashavu yamelowa mpaka kwenye kola. Karatasi mbele yake imekauka ikiwa nyeupe, hata ile bluu haipo. Eliwaza, anaita. Abee mama. Nimelala muda mrefu? Kidogo tu, sikutaka kukuamsha, nilidhani unaota. Eliwaza anatokea mlangoni, anapangusa mikono kwenye khanga. Mbona unalia mama, macho yanauma? Hapana. Nimemwota mjomba wako. Aah, anasema Eliwaza, na anatabasamu, basi umemvuta, kapiga simu ulipokuwa umelala, anasema yuko njiani anakuja kukuangalia macho.

Namkunda anamtazama binti yake. Mjomba yupi? Mama jamani, una wajomba wangapi wa kunipa, mjomba Senzota. Namkunda anaiweka karatasi pembeni. Anatokea wapi? anauliza. Kwake. Kwake wapi, Vungaro? Eliwaza anakunja uso kidogo, si kwa hila, ni kama mtu anayejaribu kusikia jina kwa mara ya kwanza. Vungaro ndiyo wapi? Kwetu, anasema Namkunda, kule juu, nilikozaliwa. Mama, umezaliwa hapahapa Same, wewe na mjomba, nyumba ya nyuma ya soko, umenionyesha mwenyewe. Anamwekea mama yake mkono kwenye paji la uso. Jua limekuingia, ngoja nikuletee maji. Anaingia ndani, bomba linafunguliwa, maji yanaanza kulia kwenye sufuria.

Namkunda anainuka ashike nguzo. Juu ya mabati ya majirani mlima umesimama kama siku zote, na anautazama akitafuta lile bega la mlima, na bega halipo, au lipo na mawingu yamelikalia. Anataka kuamini. Anaogopa kuamini. Akimwamini Eliwaza, ndugu yake yu hai na wote wawili hawana kwao. Asipomwamini, ana kwao, na kwao kuna kaburi. Anajaribu kukumbuka mlango wa nyumba ya baba yake, na kwa muda anaupata, kisha haupati.

Hodi, inasema sauti ya mwanamume nje ya ua.

Ni sauti yake. Mguu wa Namkunda unataka kukimbia, mdomo unataka kusema karibu, lakini mama yao aliwafundisha tangu wadogo kwamba ukiitwa usiitike mara moja, aliye hai atabisha tena, na aliyekufa hubisha mara moja tu. Ndani bomba linaendelea kumwaga, Eliwaza hajasikia. Namkunda amesimama, mkono kwenye nguzo, macho kwenye lango, anazuia hata pumzi isije ikafunika sauti nyingine, na anaingoja hodi ya pili.